Sisimizi Kwenye Mtungi

Funguo za marehemu zilikuwa zinang'aa, na hilo ndilo lililomtia Kobe hofu.

Alikuwa amezitandaza juu ya meza ya bati katika chumba cha maiti, pamoja na vitu vingine vilivyotolewa mifukoni: kalamu, kitambaa cha mkono, saa ya mkanda wa ngozi, pipi za kifua. Funguo za shaba, safi, utadhani zimechongwa jana. Sasa mtu amekufa kwa klorini, tena kalala ndani ya banda la gesi mpaka asubuhi, funguo zake zing'ae kwa sababu gani? Bawaba za banda lenyewe zilikuwa zimeliwa zikaota kutu ya kijani, na hizo zilikuwa zikipata harufu tu, si gesi yenyewe. Na shati je? Bluu iliyokoza, bluu yake yote, halina hata baka. Klorini ikikuta nguo yenye jasho huichuja rangi papo hapo. Kila aliyewahi kujimwagia dawa ya madoa kwenye nguo anayoipenda analijua hilo, na bado linamuuma.

Kobe alikuwa mwanamke, Inspekta wa upelelezi. Jina hilo alipewa na wenzake nyuma ya mgongo wake, kwa sababu ya mwendo wake wa polepole na tabia ya kuinamia jambo moja kutwa nzima bila kusema neno. Alipolisikia hakununa. Alisema kobe akiinama anatunga sheria, na tangu hapo akawa anapokea simu kwa jina hilo hilo, wakakosa raha ya kumsengenya.

Daktari wa maiti alikuwa dirishani anaanika glavu. Alizifua, akapuliza kila kidole, akazibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, maana tangu nchi iwekewe vikwazo, glavu mpya zilikuwa hadithi. Vikwazo vilisemwa ni vya silaha na vya wakubwa walioanzisha vita. Lakini wakubwa walikuwa wakipita na magari mapya, na daktari ndiye aliyekuwa akifua glavu. Kobe alimwuliza ameandika nini. Akasema ameandika ajali ya gesi. Akamwuliza ameona nini. Daktari akautazama mlango kwanza.

"Mapafu ya mtu wa gesi hujaa maji, Inspekta. Mtu huzama nchi kavu."

"Na haya?"

"Makavu. Na mdomo wake kwa ndani umechubuliwa na meno yake mwenyewe. Alizibwa pumzi kwa kitu laini."

Kisha akamwomba, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, kwamba ikiwa ataulizwa maneno haya aliyasikia wapi, aseme aliyasikia ukutani. Ana watoto wadogo. Kobe akamwambia kuta za siku hizi zina maneno mengi, moja zaidi halitaonekana.

Marehemu alikuwa Mkaguzi, na kazi yake ilizaliwa na vikwazo hivyo hivyo. Kamati ya vikwazo, huko mbali inakokaa, ilikuwa imekataza klorini isiingie nchini, kwa kuwa gesi hiyo ina sura mbili. Kidogo yake husafisha maji ya mji mzima, na mtungi wake mmoja ukipasuliwa katikati ya watu ni kilio. Mashirika ya misaada yakapiga kelele: kipindupindu kinamaliza watoto, na sheria ya kibinadamu hairuhusu raia wanyimwe maji ili watawala wao watiwe adabu. Kamati ikalegeza. Klorini iingie kwa kibali maalumu, kwa ajili ya maji tu, na awepo mtu wa kuitazama mitungi yote kwa macho yake, kutoka meli mpaka bomba. Mtungi ukipotea, kibali kinafutwa, na mji unarudi kunywa tope. Mkaguzi ndiye aliyekuwa macho hayo.

Kobe alimfahamu. Polisi walipelekwa kwenye mtambo wa maji kufundishwa namna ya kujiokoa gesi ikivuja, na Mkaguzi ndiye aliyekuwa mwalimu. Aliwapandisha ngazi ya chuma ya tangi, akawashusha, akawapandisha tena, mpaka Koplo wa Kobe, mtu wa tumbo lake, akaomba aandikiwe kifo cha kawaida. Mkaguzi alicheka, lakini hakumsamehe. Somo lake lilikuwa moja na alilirudia kama anafundisha watoto kuhesabu: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaza mashimo. Ikija usilale, usijifungie, usikimbilie bondeni. Tazama kitambaa kile pale mlingotini kimeelekea wapi, wewe nenda upepo unakotoka, kisha panda juu.

Baada ya mafunzo alimkuta Kobe kajitenga, anaitazama simu yake ya mkononi isiyoshika mtandao. Akamwuliza kulikoni. Kobe, ambaye hakuwa mtu wa kumwaga yaliyo moyoni, akajikuta anayamwaga. Kitindamimba wake ni mkunga katika mji wa ng'ambo ya mto, upande wa pili wa vita, na simu za kule zilikuwa zimekatwa. Mkaguzi hakumpa pole. Alimpeleka ofisini kwa Meneja, akamwonyesha simu ya mezani. Laini ya mamlaka ya maji ilikuwa bado inavuka mto, kwa sababu bomba lilikuwa moja hata kama watawala walikuwa wawili, na mpokea simu wa kule angemwunganisha na hospitali. Kobe akaisikia sauti ya mwanawe. Binti akamweleza kwamba hospitali yao imehamishiwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi kwa ajili ya mabomu, wazazi wanajifungulia humo, na watoto wachanga wanalazwa humo. Siku ile Kobe alimshukuru Mungu kwa vyumba vile.

Na sasa mtu aliyewafundisha wote kupanda juu alikuwa amekutwa kalala chali sakafuni, miguu yake karibu kugusa ngazi. Kobe alizirudisha funguo kwenye mfuko wa plastiki. Aliyemlaza pale, alijiambia, hakuwepo darasani.

Korido ilikuwa na mtu. Alikuwa ameegemea ukuta, ana kikombe cha chai mkononi, na alimsalimia Kobe kwa jina ambalo humpa kila mtu mjini, mwanamume kwa mwanamke, mchungaji kwa mlevi. Kwa ajili hiyo nao walimwita jina hilo hilo, Shemeji. Alikuwa mtu wa Usalama. Hajawahi kuonekana amekasirika, na waliokwenda naye kwa mazungumzo, wengi wao hawajarudi kusimulia.

Alimwambia Kobe kwa upole kwamba hana haja ya kujichosha. Kesi imekwisha. Fundi wa gesi amekiri kuwa aliacha koki wazi, yuko mahabusu, na kesho Mkaguzi azikwe apumzike. Kobe akasema vizuri, ila angependa kumsikia fundi mwenyewe. Shemeji akanywa chai, akatafuna kitu kisichokuwepo.

"Binti wa ng'ambo hajambo, shemeji?" akauliza. "Ukimpata tena, msalimie."

Akaondoka zake. Kobe alibaki pale. Ile simu alikuwa hajamwambia mtu, hata Koplo. Aliyeijua alikuwa Mkaguzi peke yake, na Mkaguzi alikuwa nyuma ya ule mlango, amefunikwa shuka. Basi ile laini inasikilizwa. Alijikaza, akatembea mpaka nje kwa mwendo wake ule ule wa kawaida, kwa sababu alijua fika kuwa anatazamwa.

Fundi wa gesi, Kobe na Koplo walimkuta amekaa sakafuni katika chumba cha mahabusu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, hakuweza kushika kikombe, Koplo akamnywesha. Alikuwa na sababu ya kumchukia marehemu, hakuficha. Mkaguzi alimsimamisha kazi wiki nzima kwa kukutwa akivuta sigara bandani, na aliapa mbele za watu kwamba atamwonyesha. Koplo akamkonyeza Kobe, kana kwamba kesi imejifunga yenyewe. Kobe akamwuliza fundi amekiri nini hasa.

"Nimekiri, afande," fundi akasema. "Nilichokikiri ndicho sikijui."

Walimwuliza koki ipi aliacha wazi. Hakuweza kusema. Walimwuliza mitungi ya nyuma ilikuwaje siku ile. Akasema mitungi ya nyuma hajaigusa tangu shehena ya mwisho iingie, kwa kuwa Meneja mwenyewe ndiye anayekaa na ufunguo wa uzio wa nyuma, na fundi ameachiwa mitungi ya mbele tu, ile iliyofungwa kwenye mashine. Alilisema hilo kama mtu anayelalamikia cheo. Hakujua amesema nini. Kobe alimwachia Koplo pipi za kifua za marehemu ampe fundi, jambo ambalo kanuni haziruhusu, wakatoka.

Njiani Koplo aliendesha kwa kukwepa kila jiwe, maana tairi zilikuwa zimebaki nyuzi, na tairi mpya nazo ziko kwenye vikwazo. Alisema kwa maoni yake fundi ni muuaji wa bei nafuu na wakubaliane tu. Koplo akamtazama kwa pembe ya jicho, akaacha utani. "Tunaogopa, siyo, afande?" akauliza. Kobe akasema ndiyo, tunaogopa, tazama mbele.

Mtambo wa maji ulikuwa kandokando ya mto. Mto ulikuwa mpana, na ng'ambo yake mji ule mwingine ulionekana kwa mbali, paa na moshi. Juu ya mlingoti, kitambaa chekundu kilikuwa kimenyooka kuelekea huku, mgongo kwa mto. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo, kama ulivyokuwa ukitoka siku zote hizo.

Meneja aliwapokea getini mwenyewe, akamwachia Koplo funguo alifunge geti nyuma yao. Mji mzima ulimwita Mzee wa Maji na haukuwa unamtania. Vita vilipoanza wakubwa wengine walikimbia, yeye akahamisha godoro lake akalala ofisini, na bomba halikukauka hata siku moja. Akina mama walimwombea. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema Mkaguzi alikuwa kama mdogo wake, akashindwa kumaliza sentensi, na Kobe aliona kuwa huzuni ile haikuwa ya kuigiza. Hilo lilimsumbua kuliko uongo.

Banda la gesi lilikuwa refu, na mitungi ililazwa humo kwa safu, mikubwa, kila mmoja kimo cha mtu. Ya mbele ilikuwa imeunganishwa na mashine kwa mipira, na harufu yake iliwasha pua. Ya nyuma ilikuwa ndani ya uzio wa waya. Kobe akaomba uzio ufunguliwe. Meneja akafungua bila kusita, akamkaribisha akague. Lakiri za Kamati zilikuwepo, kila moja mahali pake. Hakuna mtungi uliopungua. Meneja akasema hata uzito wapime, akaita winchi. Wakapima mmoja, wakapima mwingine, na uzito ulikuwa sawasawa na ulioandikwa ubavuni. Koplo akashusha pumzi. Kama hakuna mtungi uliopotea, hakuna sababu ya mtu kuuawa, na hapo wangeweza kwenda zao nyumbani na roho zao.

Kobe akainama.

Aliinama muda mrefu, mikono magotini, anatazama sakafu ya saruji chini ya safu ya mwisho. Meneja akamwuliza kama amedondosha kitu. Kulikuwa na mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye ufa wa ukuta, unapita sakafuni, unapanda ubavu wa mtungi, unaishia kwenye koki. Ulikuwa unatembea. Walikuwa sisimizi, wamepangana foleni, wanakwenda na wanarudi, na pale kwenye koki walikuwa wamejikusanya pembezoni mwa tone dogo linalong'aa, wanakunywa.

Sisimizi hawanywi klorini. Mtoto wa shule angekwambia. Klorini huua hata vijidudu vya kipindupindu, itakuja kumwacha sisimizi?

Alimwambia Koplo aende nje, apande ngazi ya tangi, akae juu. Koplo akaanza kubisha, akaona uso wa afande wake, akaenda. Kobe akavua kitambaa cha kichwani, akakilowesha kwenye ndoo, akajifunga puani na mdomoni. Akili yake ilikuwa imekwisha kujua, lakini mwili haukubali kuambiwa kitu kama hicho na sisimizi. Ikiwa amekosea, hatafika ngazini. Alimfikiria binti yake, akamfikiria Mkaguzi na kicheko chake, akashika spana.

Hapo ndipo akamtazama Meneja. Meneja alikuwa amesimama palepale, karibu naye, mikono imelegea. Hakuziba pua, wala hakurudi nyuma hata hatua. Mtu aliyekula mkate wa gesi maisha yake yote, mgeni asiyejua kitu anafungua koki mbele ya pua yake, naye anatazama tu kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Kobe akaikata lakiri, akafungua. Koki ilikoroma, ikatema, kisha maji yakatiririka juu ya viatu vyake.

Alifunga koki, akavua kitambaa puani, akamwambia Meneja waende ofisini. Njiani alijiona amelowa mgongo mzima kwa jasho.

Ofisi ilikuwa na godoro lililokunjwa kwenye kona, meza, simu, na dirisha linalotazama mto. Mto wa kulalia haukuwepo juu ya godoro. Kobe alipatazama mahali pake, akamtazama Meneja, na Meneja akakaa chini kwa uzito. Aliongea haraka, kama mtu aliyebeba mzigo mbali akaruhusiwa kuutua. Jeshi lilikuja siku shehena ilipoingia. Walimpa njia mbili: watoe gesi ya safu ya nyuma na mitungi ibaki imejazwa maji, au wachukue yote na mji unywe kinyesi. Alichagua mji. Alijaza mitungi mwenyewe kwa mpira wa kumwagilia bustani, akaipima mpaka uzito ukalingana, wao wakarudisha lakiri, na Kamati isingejua.

"Mkaguzi alijua," Kobe akasema.

"Aliona. Sijui aliona nini."

"Sisimizi."

Meneja alifunga macho. Mkaguzi alimwendea papa hapa, alisema, na hakumpigia kelele. Alimwambia atapeleka habari kwa Kamati siku hiyo hiyo. Meneja alimpigia magoti. Alimwambia Kamati itafuta kibali na watoto wa hapa ndio watakaolipa. Mkaguzi alilia, naye alikuwa na watoto, lakini akasema kuna watoto mahali gesi inakokwenda, na kwamba gesi hairuhusiwi kumwagwa hata juu ya wanajeshi, seuze juu ya raia. Ndipo Meneja akampigia simu Shemeji.

"Nilidhani watamtisha tu," akasema. "Nilidhani watamtisha, anyamaze, tuendelee kusafisha maji. Walimlaza hapo, juu ya godoro langu. Wakanituma mimi nishike miguu kumpeleka bandani."

"Gesi imekwenda wapi?"

Meneja aligeuza uso wake dirishani, kuelekea mtoni.

"Lini?"

"Sijui siku. Iko ukingoni, chini kidogo. Walikuwa wanangojea upepo."

Kobe alisimama, akaenda dirishani. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelala juu ya mlingoti. Kikainuka kidogo, kikalala. Kisha kikanyooka, taratibu, na safari hii kilinyooka kuelekea ng'ambo. Koplo alikuwa bado juu ya ngazi ya tangi, na yeye pia alikuwa amekiona, kwa maana alikuwa amesimama wima na mkono kichwani.

Mawazo yote ya Kobe yalikwenda mahali pamoja. Mji ule ulikuwa umefunzwa na mabomu. Kwa miaka yote ya vita, wakisikia king'ora, wakubwa kwa wadogo hukimbilia chini. Wagonjwa wako chini. Wazazi wako chini. Kitindamimba wake yuko chini, amejifungia na watoto wachanga ndani ya shimo, anamshukuru Mungu kama mama yake alivyomshukuru.

Akauvuta mkono wa simu. Meneja akaushika mkono wake.

"Simu hiyo inasikilizwa huku na ng'ambo," akasema. "Ukilitaja hilo hapo, dunia nzima itajua kabla ya jua kuzama. Kamati itafuta kibali. Mji huu utakufa kwa kiu au kwa kuhara, Inspekta. Una wajukuu hapa."

"Wanakunywa maji yako kila siku."

"Basi?"

"Basi marehemu aliniambia siku ile tukiwa papa hapa: kikwazo ni cha bunduki, si cha kisima. Ndiyo maana walikubali dawa iingie. Wewe umekigeuza kisima kuwa bunduki, Mzee wangu. Niachie mkono."

Meneja akamwachia.

Simu iliita sana. Mpokea simu wa ng'ambo alitaka maelezo, Kobe akamwambia ni mzazi, aunganishe hospitali. Mtu mwingine akapokea, akaenda kuita. Wakati huo Koplo aliingia mbio, anahema, akasema gari la Shemeji limefika getini linapiga honi. Kobe akamtazama tu. Koplo akajipapasa mifuko, akasema lo, funguo za geti sijui nimeziweka wapi, na akatoka kwenda kuzitafuta kwa mwendo wa kobe.

"Mama? Umeipataje simu? Usihofu, tuko chini. King'ora kimelia sasa hivi, tumeshuka wote, na watu wa mtaani nao tumewaingiza."

"Mwanangu, nisikilize. Pandeni juu."

"Nini?"

"Ghorofa ya mwisho, paani, juu kabisa. Wote. Inakuja gesi, na gesi inashuka, inajaza mashimo. Loweka mashuka, zibeni pua, zibeni madirisha ya upande wa mto. Usimwache mtu huko chini."

"Mama, juu ndiko mabomu yanakopiga."

"Najua."

Kobe alisikia kitoto kikilia kwenye simu, kisha kingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mzazi aliyezaa ili aje amwambie mwanawe akasimame mahali bomu linapoangukia. Kama upepo utageuka tena, kama gesi haitarushwa leo, kama Meneja amekosea, basi atakuwa amemwua kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nani kakwambia?" binti akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya miaka ile alipokuwa anaogopa giza.

"Mwalimu wangu. Wamemwua kwa ajili hiyo. Panda, mama. Panda na wanao wote."

Alisikia simu ikiwekwa mezani, haikukatwa. Alimsikia mwanawe, kwa mbali, akiwaambia watu waamke, kila mwenye mikono abebe mmoja. Mtu alipiga kelele kwamba wamepata wazimu. Mwanawe akarudia, kwa sauti ambayo Kobe hakuwahi kuisikia kwake. Kisha zikaanza hatua za miguu kwenye ngazi, chache kwanza, halafu nyingi.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Shemeji alisimama kizingitini, peke yake, hana haraka. Aliutazama mkono wa simu sikioni mwa Kobe, akauliza kwa upole anaongea na nani. Akanyoosha mkono kuifikia simu. Meneja akainuka kitini, uso umempauka, akaizungushia simu mikono yake yote miwili pale mezani, asiiguse mtu wala kuikata.

Kobe hakugeuka. Aliinua kidole chake kimoja kumwashiria Shemeji anyamaze, akajibana simu sikioni. Miguu ilikuwa bado inapanda.